Beki Aliyenishikia Kamba

Sauti ninayoikumbuka hadi leo ni ya mpira uliolowa ukigongana na paji la uso wa mtu. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama gunia la chumvi lenye unyevu likiangushwa kwenye saruji, pu, halafu kimya kidogo, halafu kelele za watu zikaanza upya, kwa sababu hatari imepita na kila mmoja anatafuta kitu kingine cha kutazama. Nimeisikia sana sauti hiyo katika uwanja wetu hapa Homa Bay, nikiwa nimekalia debe langu la majivu nyuma ya goli, na kila nilipoisikia nilijua ni nani hata kabla sijainua macho. Wiki jana mama alirudi kutoka ufuoni na karai lake likiwa tupu, akaketi kizingitini bila kuvua leso kichwani, akaniambia kwamba mwenye paji lile amefariki. Malaria ilimpanda kichwani, wakampeleka hospitali akiwa tayari anaongea maneno yasiyoshikana, na asubuhi moja hakuamka. Jina lake sitaliandika. Waliomjua watamtambua, na wasiomjua nitawaeleza alikuwa mtu gani, kwa kuwa naona wengine wamekwisha kueleza, tena wameeleza vibaya.

Nyinyi mnaonisoma kila wiki mmenizoea nikicheka. Nimewaandikia kuhusu ndoto yangu ya kutangaza mpira redioni, mimi niliyeishia kidato cha pili, na wengine wenu mkaniandikia kwamba mmenisikia nikijitangazia njiani kama mwehu: anamtoka mmoja, anamtoka wa pili, mpira unagonga mtambaa panya. Ndoto hiyo bado ninayo na siku moja mtafungua redio mkute ni mimi. Ila leo sina kicheko. Leo nimekasirika, na hasira yenyewe ni ya ajabu, maana sijui hata nimpelekee nani. Ni hasira ya mtu aliyeona jambo kwa macho yake, akalisema, akaambiwa anywe chai.

Marehemu alikuwa beki wa kati wa timu yetu ya mji. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupakia samaki kwenye malori ya barafu pale ufuoni, na ndiyo sababu ukimpa mkono hata jua la saa saba ulihisi umeshika kitu kilichotoka kwenye friji. Mama yangu hukaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua mnofu wao, na biashara hiyo hula kuni, na kuni huacha majivu. Nilipotoka shuleni nikiwa sina la kufanya, majivu yale nikayapeleka uwanjani, nikawa ndiye mchora mistari. Hakuna aliyenichagua. Niliona tu mistari imepinda kama njia ya ng'ombe nikashindwa kuvumilia. Sasa, ili mstari unyooke unahitaji kamba, na kamba ina ncha mbili. Kwa hiyo unahitaji mtu wa pili. Wachezaji wengine walikuwa wakifika wanakaa kivulini kufunga viatu na kusimuliana habari. Yeye alikuja mapema, akaokota ncha ya pili bila kuombwa, akairudisha nyuma mpaka ikakaza, akachuchumaa nayo pale kwenye mlingoti. Mimi namwaga majivu, yeye amechuchumaa. Mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya kamba: vuta kidogo, legeza, hapo hapo. Aliniita nyamera, dada yangu kwa Kijaluo, ingawa hatukuwa na udugu wowote zaidi ya ile kamba.

Alicheza mpira usiopendeza kutazama, hilo nalikubali. Hakuwa na chenga. Akipata mpira anaupeleka mbali, hata kama mbali ni shambani kwa watu. Alikuwa Msabato, kwao ni upande wa Kendu Bay, na mechi za Jumamosi hakucheza kabisa. Jumamosi alikuwa kanisani na kitabu chake cha nyimbo. Nanyi mashabiki wenzangu nawauliza jambo ambalo nimewauliza kwa mdomo na hamkunijibu. Zile mechi tulizofungwa mabao mpaka tukaona aibu kupita sokoni zilikuwa siku gani? Zilikuwa Jumamosi. Lakini kila tulipofungwa Jumamosi tulilaumu refa, tukalaumu jua, tukalaumu jezi mpya kwamba zinabana, na Jumapili akirudi yeye na bao halipiti tulisifu kipa. Miaka yote hiyo, mtu hata mmoja hakukaa chini akaziweka hizo siku mbili pamoja.

Badala yake walimpa jina. Walimwita Okewo, ambalo ni neno la Kijaluo la mtoto wa dada, yaani mpwa. Asili ya jina hilo ni mechi moja tuliyocheza kule Migori, ambako mama yake alizaliwa na wajomba zake wote wanaishi. Ilipigwa kona, yeye akaruka aitoe, mpira ukamteleza kisogoni ukaingia golini kwetu. Tukafungwa kwa bao hilo hilo. Mtu yeyote anayecheza nyuma hujifunga siku moja. Ukikaa jikoni kila siku, siku moja utaungua. Lakini sisi hatukulichukua hivyo. Wasomaji wa mbali hawawezi kuelewa mpaka niwaambie jinsi mpwa alivyo kwetu. Mpwa akifika kwa wajomba zake hanyimwi kitu. Anaweza kuingia bomani akanyoosha kidole kwa kuku anayemtaka, na kuku huyo atachinjwa, na mjomba atacheka hata kama moyoni anaumia. Hafukuzwi na hatoki pale na njaa. Kwa hiyo mashabiki walipiga hesabu yao kwenye lori la kurudi: huyu amekula kuku wa Migori tangu utotoni, leo amelipa. Nani atampiga kiatu mjomba anayemlisha? Kuanzia siku hiyo jina lake la kuzaliwa likapotea uwanjani. Akigusa mpira, hata nyumbani hapa Homa Bay, utasikia sauti kutoka nyuma, Okewo, kuku iko tayari, na watu wanacheka.

Zamani mambo haya hayakuwepo. Nilipokuwa mdogo Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, na nakumbuka timu zikija kucheza tulikuwa tunapikiana. Tangu tulipokatwa vipande, wao wakapata mkuu wa wilaya wao na sisi tukabaki na wetu, mpira ukawa ndio mpaka. Mtu ambaye mama yake ni wa huko na baba yake ni wa huku, ambaye zamani alikuwa baraka kwa pande zote mbili, sasa anaangaliwa kama mzigo ambao hujui ulipakiwa na nani. Nusu ya mji huu mama zao wametoka Rongo, Awendo, Nyatike. Ukianza kumshuku kila mpwa, utabaki na timu ya watu wangapi? Hilo pia niliuliza. Nikaambiwa siasa si ya wasichana.

Nifike kwenye ile mechi. Tulipangiwa tena kwenda Migori, Jumapili, fainali ya kombe la wafanyabiashara. Wiki nzima mashabiki walimwendea kocha wakimtaka amwache Okewo nyumbani. Mwenyekiti wa mashabiki, ambaye ni fundi cherehani hapa sokoni na mtu mwema tukiacha mambo ya mpira, alisema wazi kwamba huyo akipangwa yeye hapandi lori. Kocha ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Akasema atampanga kwa sababu hana mwingine wa kimo kile. Mwenyekiti akapanda lori hata hivyo. Njia nzima waliimba, na marehemu alikaa kwenye kona ya mbele ya lori, mgongo kwa upepo, ameshika kamba yangu iliyokuwa imekunjwa, nadhani kwa mazoea tu, kwa maana ugenini si mimi ninayechora.

Tulikuta mvua imenyesha usiku. Wenzetu wa Migori huchora mistari kwa vumbi la mbao, na vumbi la mbao halina urafiki na maji; lilikuwa limeelea lote kwenda kwenye mtaro. Majivu yakilowa hushika udongo, nilijisemea, lakini nani angenisikiliza. Mechi ikaanza bila mistari ya kuonekana. Mapema sana straika wetu akafunga. Sitaki kumpunguzia, ni kijana mzuri na huwa ananunua samaki kwa mama, lakini nililiona bao lile kwa karibu. Mpira uligonga goti la beki wao, ukamgonga yeye kwenye ugoko, ukaingia. Alipogeuka kushangilia nilimwona akiuliza wenzake kilichotokea. Basi hiyo ikawa moja bila, na kuanzia hapo mpira haukutoka tena nusu yetu. Walikuja kutoka kulia, walikuja kutoka kushoto, walipiga kona nikachoka kuziangalia. Na kila mara ile sauti, pu. Pu tena. Nilikuwa nyuma ya goli letu kama kawaida yangu, nimesimama kwenye matope, na badala ya kutangaza kimoyomoyo kama ninavyofanya nilijikuta nimeshika kichwa changu mwenyewe kila alipopiga mpira kwa kichwa chake.

Karibu na mwisho kipa wetu alitoka, akateleza, akabaki amelala kama taulo. Straika wao akausukuma mpira taratibu kwenda golini patupu. Kwenye tope mpira haukimbii, unatambaa. Watu wote tuliuona ukitambaa. Marehemu alitoka mbali, akajirusha kwa kifua, akauzuia, akaulalia. Swali likawa aliulalia wapi. Mstari haukuwepo. Watu wa Migori waliosimama karibu nami wakalipuka, goli, goli, wengine wakaingia uwanjani, na mbele yao wote mzee mmoja mrefu mwenye koti la mvua. Refa alifika akihema, akatazama chini, akaona tope. Mshika kibendera alikuwa bado yuko mbali. Refa huyo alikuwa mtu wa kuuliza. Wengi wanamdharau kwa hilo. Akamwinamia marehemu akamwuliza umevuka au haujavuka. Marehemu alikuwa bado amelala, tope limejaa sikioni. Yule mzee wa koti akamwita kwa neno hilo hilo, okewo, kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha jambo la nyumbani. Marehemu akamtazama, kisha akamtazama refa.

"Haujavuka," akasema. "Uko hapa chini ya kifua changu, na mlingoti ule pale."

Refa akakataa bao, akadondosha mpira, mechi ikaendelea, na tukashinda.

Lori letu lilipata pancha tulipofika Rodi Kopany, basi tukashuka tukajaa kwenye hoteli moja ya chai huku fundi akihangaika na gurudumu. Hapo ndipo mpira ulipochezwa upya, kama mashabiki wanavyocheza, kwa vikombe na vipande vya chapati juu ya meza. Mwenyekiti alikuwa na furaha mpaka anatetemeka. Alilieleza bao mara nyingi, na kila alipolieleza lilizidi kuwa zuri. Mwishoni straika alikuwa amewatoka watu watatu na kumtazama kipa machoni kabla ya kupiga. Sikuweza kukaa kimya. Niliwauliza kipindi chote cha pili nani alikuwa anaondoa mipira. Wakasema kipa. Nikawaambia kipa alikuwa amelala, kila mtu alimwona amelala. Hapo utingo wa lori, kijana anayependwa kwa mdomo wake, akaweka kikombe chini.

"Sister, hiyo ni huruma ya wajomba," akasema. "Straika yao alikuwa apige moto. Akaona ni okewo amelala pale mbele. Sasa wewe utapiga mtoto ya dada yako mpira ya tumbo?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Hata mwenye hoteli alicheka, mtu ambaye hakuwa uwanjani. Na kicheko hicho ndicho kikawa hukumu. Tulipofungwa Migori ilikuwa ni kwa sababu yeye ni mpwa. Tuliposhinda Migori ilikuwa ni kwa sababu yeye ni mpwa. Niliinuka nikaanza kuwaeleza kuhusu ule mpira uliotambaa, na yule mzee, na swali la refa, na mwenyekiti akanikatiza akiuliza hii mpira mimi naijulia wapi, kazi yangu si majivu? Marehemu alikuwa ameketi mwisho wa benchi, anatoa tope sikioni kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Akanisogezea kikombe changu.

"Kunywa chai, nyamera," akaniambia. "Tumeshinda."

Nilikunywa chai. Ilikuwa tamu sana.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya kazi za namna hiyo, kazi ambazo zikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Mtu akifunga bao, kuna kitu cha kuonyesha. Mtu akizuia bao, cha kuonyesha ni nini? Ni hewa tu. Angalieni ufuo wetu. Gugumaji lilipoziba ghuba mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, walikuja wakubwa na kamera wakapigwa picha wakiwa wameshika tawi moja kila mmoja. Lakini kina mama waliokuwa wakiingia majini hadi kiunoni kila asubuhi kulivuta gugumaji lisizibe bomba linalovuta maji ya hospitali, hao hamjawaona gazetini, kwa kuwa bomba halikuziba na bomba lisiloziba halina habari. Yupo muuguzi kwenye zahanati fulani anayewapigia kelele akina mama wachemshe maji mpaka wanamwita mdomo. Kipindupindu kikipita mbali na kijiji chake, watu watamshukuru Mungu na watamwita mdomo vile vile. Ndivyo tulivyo. Tunawajua waliotuletea kitu na hatuwajui waliozuia kitu kisitufikie, na mbaya zaidi, tukishindwa kuwajua tunawatungia kisa, na kisa chenyewe kinakuwa cha kuwacheka.

Mazishi yalikuwa Jumapili, nyumbani kwao. Tulikwenda na lori lile lile na wengi wa watu wale wale. Niliomba mapema kwa mwendesha mazishi kwamba timu ikipewa nafasi, angalau mtu mmoja aseme habari ya ile mechi kama ilivyokuwa. Ndicho kitu pekee nilichokitaka siku hiyo. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza, na nilitaka asikie mara moja tu kwamba mtoto wake hakuuza mechi. Kwa maana maneno ya uwanjani hayabaki uwanjani. Mama huyu ni wa Migori, na kwa miaka yote hiyo, kila mtoto wake alipodhihakiwa, aliyedhihakiwa ni yeye na nyumba aliyotoka. Mwendesha mazishi akasema msemaji wa timu ni mwenyekiti. Mwenyekiti akachukua kipaza sauti, akalia kidogo, na machozi yake yalikuwa ya kweli, kisha akasema tumempoteza Okewo wetu, mtu wa utani, mtu asiye na kinyongo. Akasema hatutasahau siku tuliyoshinda fainali Migori pamoja naye. Na alipotamka fainali hakuweza kujizuia. Akamtafuta straika kwa macho kwenye kundi, akamsimamisha, akalieleza lile bao. Watu wakapiga makofi. Kwenye mazishi ya beki, mbele ya jeneza la beki, lilipigiwa makofi bao.

Nilitazama chini. Nilipoinua macho, yule mzee mrefu alikuwa mbele, na sikumtambua mpaka nilipoliona koti lake la mvua, ingawa siku hiyo hapakuwa na mvua. Alikuwa mjomba mkubwa wa marehemu, kaka wa mama yake. Alisema anaongea kwa niaba ya wajomba na hatachelewesha watu.

"Mimi ni mtu wa Migori," akaanza. "Hiyo siku nilikuwa nyuma ya goli. Huyo msichana pale wa majivu tulisimama karibu. Mpira haikuvuka. Niliona kwa macho yangu haikuvuka, na nikapiga kelele goli. Nikamwita huyu mtoto kwa jina ya udugu ili aniogope. Hakuniogopa."

Akakunja kofia yake. Kisha akasema kwamba wiki iliyofuata marehemu alikwenda kuwasalimu kama desturi yake, na yeye, mjomba, bado alikuwa na uchungu wa kombe.

"Nilimwambia kuku zote zinaatamia. Zote. Hata jogoo."

Watu wakacheka, halafu wakaona yeye hacheki, wakaacha.

"Akaniuliza kama maji ya kunywa iko. Akakunywa, akanishukuru, akarudi kwake. Mpwa hatoki kwa wajomba na tumbo tupu. Huyu alitoka, na hakusema kwa mtu. Hata dada yangu hapa anasikia leo. Nyinyi watu wa Homa Bay nimesikia mnasema alitupatia mechi. Hapana. Alitunyima, ndio maana mimi nikamnyima kuku."

Mama yake alinyoosha mkono akamshika kaka yake kwenye pindo la lile koti, akalishikilia hivyo hivyo mpaka mchungaji alipoanza kuomba. Mimi nilidhani sasa mambo yamebadilika. Niliangalia kundi letu. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa, utingo alikuwa anajifuta uso kwa shati. Nikasema moyoni, afadhali, limesemwa, tena limesemwa na mtu ambaye hawawezi kumwambia akanywe chai.

Kisha tukazika, tukanawa mikono, tukapewa wali na maharagwe. Nilikaa na sahani yangu nyuma ya watu wetu. Walianza kwa kumsifu yule mzee, kwamba ni muungwana, kwamba si wengi wanaoweza kusema vile mbele ya umati. Walimsifu kwa muda. Halafu mmoja akasema hata hivyo siku ile tulikuwa na timu. Mwingine akasema timu kweli. Na kabla sijamaliza maharagwe walikuwa wanabishana kama lile bao lilipigwa kwa mguu wa kulia au wa kushoto, na mwenyekiti anawaonyesha kwa kijiko. Wasomaji wangu, ulikuwa ugoko. Ugoko hauna kulia wala kushoto wa kujivunia. Lakini sikusema tena. Nilikuwa nimechoka, na kuchoka kule hakukuwa kwa safari.

Nimekaa na jambo hili siku zote tangu hapo, nikijaribu kulipata lililo ndani yake, na nilichopata ni kidogo. Tukitaka kujua ni nani anayetulinda, tusiulizane sisi wenyewe, kwa kuwa sisi wakati huo tulikuwa tunatazama mbele. Tuwaulize waliokuja kutufunga wakashindwa. Wao wanamjua kwa uso, wanajua ni mlango gani waliukuta umefungwa, na wengine wao wanaweza hata kukubali kusema, wakiwa na moyo kama wa yule mzee. Na la pili ni kwamba tuwaulize mapema. Mzee yule alichelewa. Jogoo wake bado anatembea bomani, nadhani, na aliyestahili kumla hayupo. Siku nitakapokaa kwenye kile kiti cha redio, na nitakaa, nitatangaza mipira iliyotolewa kama wengine wanavyotangaza iliyoingia. Watanikaripia. Nitaendelea.

Jana hakukuwa na mechi. Jioni, mama alipozima jiko, nilichukua debe na kamba nikaenda uwanjani. Ng'ombe wa mtu walikuwa wanakula kona ya mbali na hapakuwa na mwingine. Nilifunga ncha moja ya kamba kwenye mlingoti wa goli la upande wa ziwa, nikaivuta mpaka mlingoti wa pili, na ile ncha ambayo yeye alikuwa akiichuchumalia nikaiwekea jiwe. Ililegea kidogo. Nikarudi nikaongeza jiwe la pili. Kisha nikamwaga majivu kutoka mlingoti hadi mlingoti, mstari ule mmoja tu, nikanyunyizia maji ya ziwa yashike udongo, nikamwaga tena juu yake.